Miwa ya Mwaka Jana

Tulipoambiwa kila mtu ataje jambo analoliweza kuliko wengine, mimi nilisema kinyongo. Watu wakacheka. Mimi sikuwa natania.

Ilikuwa katika ukumbi wa ibada wa mtaa wetu, bondeni, nje ya mji wa Labasa, wiki chache kabla kiwanda cha sukari hakijawasha moto wa msimu. Chama cha wakulima kilikuwa kimemtuma msichana mmoja anayeitwa Vasiti aje kutufundisha habari za uongozi kazini. Alikuja na viatu vyeupe kwenye matope yetu, akabandika makaratasi ukutani, akatuambia kila mtu ana nguvu yake aliyozaliwa nayo, na kiongozi wa kweli ni yule anayeijua yake na ya mwenzake, akampanga kila mtu panapomfaa. Wanaume walikaa mkekani wakilizunguka bakuli la yakona, kile kinywaji chetu cha mizizi kinacholegeza mwili, wakimsikiliza kwa adabu ile ya kumsikiliza mtoto wa mwenye nyumba.

Akaanza kuuliza mmoja mmoja. Bisun, jirani yangu ambaye shamba lake na langu yanatenganishwa na mtaro tu, alisema nguvu yake ni mkewe. Jagrup akasema yeye anaweza kumjua fundi wa magari anayedanganya hata kwa simu. Kalawati, mjane mwenzangu, alisema hajui, kisha machozi yakamtoka bila sababu, kama kawaida yake. Ikafika kwa Dharmen. Dharmen ndiye aliyekuwa sardari wetu, yaani mkuu wa kikosi kinachokata miwa ya mashamba yetu yote, shamba moja baada ya jingine, kwa zamu anayoipanga yeye. Akanyoosha mgongo.

"Mimi nguvu yangu ni uongozi," akasema. "Watu wananipenda. Basi."

Wakampigia makofi. Ndipo msichana akanigeukia mimi, nami nikasema langu.

"Kinyongo kivipi, mama?"

"Sisahau. Ukinikanyaga leo, mwaka wa kumi nitakwambia ulikuwa umevaa kiatu gani."

"Mwogopeni shemeji yangu huyo," Dharmen akasema, maana marehemu mume wangu alikuwa akimwita kaka, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Vasiti hakucheka. Aliniangalia kidogo, kisha akasema, "Mtu asiyesahau ni mtu anayewatazama watu sana. Hebu jiulize, mama, ukiwatazama unaona nini?"

Nikamwambia chai yake inapoa. Lakini swali lile lilinifuata hadi nyumbani, likakaa nami jikoni nikikanda unga wa chapati, na halikuondoka.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Kovu langu nililipata katika ukumbi huo huo, mwaka mmoja nyuma. Marehemu mume wangu, Ramdhari, alikuwa sardari kwa muda mrefu, na miaka yake ya mwisho, kifua kilipomlemea, aliongoza akiwa kitandani. Maana yake niliongoza mimi. Kila asubuhi nilikwenda shambani nikasema, "Ramdhari amesema hivi," na Ramdhari wa watu alikuwa hajasema lolote zaidi ya kuomba maji ya moto. Mimi ndiye niliyejua kwamba Jagrup asiwekwe karibu na Bisun, kwa sababu mmoja anapenda kusimulia na mwingine anasimama kusikiliza. Mimi ndiye niliyejua kwamba Ifereimi, mtu wa kijiji cha wenye ardhi ng'ambo ya mto, akikata peke yake anasinzia, lakini ukimweka na mtu wa kushindana naye huwezi kumsimamisha hata kwa chakula. Na mimi ndiye niliyempanga Dharmen mbele ya mstari, kila shamba, kila msimu, kwa sababu katika kisiwa chetu chote cha Vanua Levu hapakuwa na mkono kama wake. Dharmen akiingia na panga, miwa ililala upande anaoutaka yeye. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, si kwa sababu nampenda.

Ramdhari alipofariki kikosi kikakutana kuchagua sardari mpya. Nikasimama nikasema naitaka kazi ile. Dharmen naye akasimama, kifuu cha yakona mkononi.

"Heshima zote kwa shemeji," akasema, "lakini nguvu ya mwanamke iko kwenye ulimi, na mimi sijawahi kuuona ulimi ukikata muwa."

Walicheka hadi wakashikana mabega. Alicheka Jagrup. Alicheka Bisun, ambaye nilimpikia mkewe uji siku zote za uzazi. Mimi nilikuwa bado nimevaa nguo nyeupe za msiba. Wakainua mikono, Dharmen akashinda, nami nikarudi nyumbani na maneno yale yamenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kama hilo halikutosha, msimu ule shamba langu aliliacha la mwisho. Mvua ikaja kabla halijaisha, malori yakazama njiani, kiwanda kikafunga, na nusu ya miwa yangu ikabaki imesimama. Muwa usiokatwa haufi. Unarefuka, unaanguka, unajikunja chini na kuota mizizi ubavuni, na mimea mipya inachipua katikati yake, hadi shamba linakuwa wavu ambao hata mbwa hapiti. Dirisha langu la jikoni linatazama huko. Kila asubuhi nililifungua, nikaiona ile miwa, nikasema, Dharmen, siku yako ipo.

Sikutaka afe. Sikutaka hata augue. Nilitaka kitu kimoja: asimame katika ukumbi ule ule, mbele ya wale wale waliocheka, aseme kwamba kazi haiwezi na anayeiweza ni mimi.

Basi nikalijibu swali la Vasiti. Nikimtazama Dharmen ninaona nini? Naona mkono wa dhahabu. Naona pia mtu asiyejua kusema hapana. Ndivyo alivyo tangu ujana. Ukimwomba baiskeli anakupa, yeye anatembea kwa miguu hadi mjini. Alipokuwa mkataji, hilo halikumdhuru mtu, hata lilimpatia sifa. Lakini kazi ya sardari ni kukataa. Si wewe, bado, subiri, zamu yako haijafika: hiyo ndiyo kazi yenyewe kuanzia Juni hadi mvua. Tena sardari hakati. Anasimama pembeni akitazama wenzake. Watu walikuwa wamemnyang'anya panga wakampa kazi inayotaka kile asichokuwa nacho, na yeye mwenyewe akaamini ni cheo. Alikuwa amenenepa, na macho yake yalikuwa ya mtu asiyepata usingizi.

Nikasema moyoni, vizuri. Nitamsaidia aongoze.

Nilianza na Bisun, siku moja tukiwa tunasafisha mtaro, yeye upande wake na mimi upande wangu.

"Bisun, ndugu yangu, miwa yako imekomaa kweli mwaka huu. Ikingoja sana itaanza kukauka."

"Zamu yangu iko mbali, dada."

"Umemwomba Dharmen?"

"Naogopa. Mwaka huu si kuna mpango umeshapangwa?"

"Mpango umepangwa na mtu, na mtu anasikia. Mwendee jioni, akishakunywa kifuu cha pili. Mwambie bonde hili halijapata kuona sardari mwenye huruma kama yeye. Mwambie huruma yake ni mvua ya kwanza baada ya kiangazi."

"Lakini si kweli."

"Nani kakuuliza ukweli?"

Alikwenda. Kesho yake alirudi anatembea kama bwana harusi. Ameahidiwa Jumatatu ya wiki ya pili. Nikampongeza, nikaenda kwa Jagrup. Jagrup hajui kusifu mtu, ila anajua kubishana hadi mwenzake achoke, kwa hiyo nikamwambia aende akabishane. Akapata Jumatatu. Kalawati nilimwambia asiseme neno lolote, akae tu barazani kwa Dharmen na kulia. Hakuwa na haja ya kufundishwa. Jumatatu ile ile.

Kila mtu nilimtuma na silaha aliyozaliwa nayo. Vasiti angeniona angenipa cheti.

Na mimi mwenyewe, nikikutana na Dharmen njiani, nilimvisha kilemba cha ukoka. "Shemeji, kikosi hakijapata kutulia hivi," nilikuwa nikisema. Aliniangalia kwa macho ya mtu anayetaka sana kuamini, akashukuru, na mimi nikaenda zangu nikijisikia mwepesi. Kumwomba sikumwomba kitu. Sijawahi kumwomba Dharmen kitu maishani mwangu, na sikukusudia kuanza.

Sasa huku kwetu kuna jambo ambalo kila mtu analikataza na kila mtu analifanya. Miwa iliyoungua haingoji. Usipoikata na kuifikisha kiwandani upesi inachacha, kwa hiyo kiwanda huipokea mbele ya mibichi. Mtu akitaka kuruka foleni huchoma shamba lake mwenyewe, kisha anakuja na uso wa huzuni akisema hajui ni mwovu gani aliyewasha. Na mtu aliyeahidiwa Jumatatu huchoma Jumapili alasiri, ili kikosi kikifika kikute majani yameshaondoka na kazi iwe nyepesi.

Jumapili hiyo nilikuwa uani nachuma giligilani nilipoona moshi kwa Jagrup. Nikatabasamu. Baada ya kitambo moshi mwingine ukapanda upande wa Kalawati, nikaketi chini kabisa nipate kuona vizuri. Moto wa miwa ukishika una sauti ya mabati kwenye mvua ya mawe, na wakati ule kwangu ilikuwa sauti ya sherehe. Mashamba mawili yanaungua kwa ahadi za mtu mmoja, na la tatu linakuja.

La tatu lilikuwa la Bisun. Upepo uligeuka ukashuka kutoka mlimani, na ndimi za moto zikainama juu ya mtaro ule tuliousafisha pamoja. Upande wa pili ulikuwa wavu wangu, mkavu, wa mwaka mzima. Nilikimbia na ndoo, mkewe Bisun akakimbia na matawi, lakini wapi. Ulishika kama uliotiwa mafuta. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi niliingia huku natazama.

Asubuhi ya Jumatatu tulikutana njia panda, mahali malori yanapopakia. Dharmen alikuwa katikati, na kila mtu amemshika upande wake.

"Uliniahidi leo," Jagrup alisema.

"Nilisema tutaona."

"Hukusema tutaona. Ulisema leo, ukaapa kwa mama yako."

"Na mimi?" Bisun akauliza. "Mimi hukuniapia, lakini ulinishika mkono."

Kalawati alikuwa analia. Wakataji walikuwa wamekaa kando ya barabara na mapanga yao, wakisubiri kuambiwa. Ifereimi akainua sauti, "Sardari, tunakata wapi? Mimi nina panga moja tu, halijui kwenda njia nne."

Dharmen alisema tuanze kwa Jagrup. Kalawati akalia zaidi, Dharmen akabadili, akasema tuanze kwa Kalawati. Bisun akamgusa bega, naye Dharmen akasema wengine waende kwa Bisun. Lori la kwanza likaja, likasimama, dereva akazima injini, akajifunika kofia usoni. Jua lilikuwa linapanda na harufu ya sukari iliyoungua ilikuwa imejaa kila mahali.

Mwishowe Dharmen akaja kwangu. Nilikuwa nimesimama mbali kidogo, mikono kifuani.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya chini, "maji yamezidi unga."

"Nayaona."

"Mashamba manne, kikosi kimoja. Na lako limo. Wewe... siku za Ramdhari, wewe ulikuwa unajua kuwapanga watu hawa."

"Nani, mimi? Mimi nina ulimi tu, shemeji."

Akafumba macho. Alikuwa analikumbuka. Nilifurahi sana kuona analikumbuka.

"Jioni nitaleta yakona," akasema. "Tutakaa chini, tutalimaliza."

"Sitaki yakona. Ninyi mkikoseana mnakunywa, mnapiga makofi, mnaamka mmesahau. Mimi nilishasema mbele ya watu nguvu yangu ni nini."

"Unataka nini basi?"

"Ukumbini. Wote hawa. Pale pale uliposimama siku ile."

"Subhagi, miwa inachacha."

"Basi tembea haraka."

Tukaenda wote, wakulima, wakataji, hata dereva wa lori, tukavua viatu mlangoni. Makaratasi ya Vasiti yalikuwa bado ukutani, moja limeng'oka upande. Dharmen akasimama mahali pake pa siku ile. Nilimwonyesha kwa kidole, maana alitaka kusimama karibu na mlango.

"Nilisema ulimi haukati muwa," akaanza. "Nilimsema shemeji vibaya, akiwa na msiba, na ninyi mkacheka kwa sababu mimi nilicheka. Kazi hii siiwezi. Siku ya kwanza tu niliona siiwezi. Anayeiweza ni yeye. Naomba aongoze yeye."

Hakuna aliyecheka. Ifereimi aliinamisha kichwa. Mimi niliyanywa maneno yale taratibu, na sitadanganya, yalikuwa matamu. Kitu kimoja tu kiliniudhi. Dharmen alipomaliza, mabega yake yalishuka, akashusha pumzi ya mtu aliyetuliwa gunia. Sikuwa nimemwita pale ili apumzike.

Lakini miwa iliyoungua haikungoja niudhike. Niligeuka nikaanza kuwapanga.

"Jagrup, wewe na malori. Dereva yeyote akisema gari limeharibika, zungumza naye wewe. Ifereimi, chukua watu wa ng'ambo uende kwa Jagrup. Watoto wa Hardeo waende kwa Kalawati. Watakaomaliza wa pili ndio watakaowapikia wenzao, kisha wote wahamie kwa Bisun."

"Wataanza kupika sasa hivi," Ifereimi akasema. Watoto wa Hardeo, vijana wa mkulima mwenzetu wa mteremkoni, walikuwa tayari wameshatoka nje kuvaa viatu.

"Bisun, mlete mkeo."

"Mke wangu? Afanye nini?"

"Akusimamie wewe na wote watakaopakia. Si ulisema ndiye nguvu yako? Kalawati, wewe nenda kiwandani, kwa bwana anayepanga zamu za malori. Tunahitaji zaidi ya tuliyopewa. Unajua la kufanya."

"Nilie?"

"Lia."

Watu wakaanza kutoka. Bisun ndiye aliyesita, na nikajua wote wanalo swali hilo hilo, wanangoja kuona kama nitajitanguliza. "Na lako, dada?"

"Langu halitachukua mtu wa kikosi. Atalikata Dharmen, peke yake."

Waliokuwa wameshafika mlangoni wakageuka. Kila mtu alijua kuna nini kwangu.

"Dada," Bisun akasema polepole, "ile ni ya mwaka jana."

"Naijua ni ya lini."

"Mtu mmoja hawezi."

"Yuko mmoja anayeweza. Ni huyo."

Na hapo palikuwa na ukweli wote na ubaya wote kwa pamoja, sikuweza kuvitenganisha wala sikujaribu. Miwa ile iliyojisokota isingekatwa na mkono mwingine wowote bila kuharibiwa. Na mkono huo ndio ulioiacha ikajisokota. Nilitaka akutane nayo, shina kwa shina.

Dharmen alimwomba Ifereimi tupa, akaketi kwenye ngazi, akanoa panga lake, ambalo sikujua kumbe alikuwa bado analibeba kwenye baiskeli.

Kila nilipopata nafasi baada ya kuzungukia mashamba mengine, nilikwenda kumtazama. Nilipeleka kigoda kabisa. Miwa ya kawaida unaikata pigo moja chini na moja juu. Ile iliyolala lazima uiinue kwanza, uifuate ilikojikunja, ukate mizizi ya ubavuni, uivute kutoka chini ya nyingine inayokukwaruza uso. Masizi yalimwingia machoni. Tumbo lilimzuia kuinama. Kabla ya adhuhuri viganja vilishapasuka malengelenge, akavifunga kwa vipande vya shati. Maji nilimwekea ukingoni, sikumpa mkononi. Nilikuwa nangoja aseme, shemeji, nimeshindwa. Nilikuwa nimeshaandaa jibu.

Hakusema. Asubuhi iliyofuata nilimkuta amefika kabla yangu, na anaimba. Si kwa nguvu, ule wimbo wa puani wa mtu aliyesahau kwamba ana masikio. Mgongo ulikuwa umelainika. Panga lilikuwa limerudi kwenye mwendo wake wa zamani, na nyuma yake miwa ilikuwa imelazwa upande mmoja, imenyooka, mtu angedhani haikuwahi kujisokota. Wakataji wa kwa Jagrup walikuja wakati wa chai, wakasimama pembeni wanamtazama, na Ifereimi akatikisa kichwa akasema, "Huyu ndiye tuliyemkabidhi makaratasi ya zamu?"

Nilikasirika mno. Nilimpeleka mle aadhibiwe, na yeye alikuwa amerudi kwao.

Mashamba matatu yalipelekwa kiwandani bila kuchacha, maana Kalawati alilia hadi bwana wa zamu akatupa malori ya mtaa mwingine. Langu lilipelekwa la mwisho, na liliwahi. Muwa wa mwisho ulipoanguka, Dharmen alikwenda kukaa ukingoni mwa mtaro. Nikampelekea chapati, viazi na achari ya embe. Hata adui akikata, lazima ale.

Alikula kidogo, kisha akasema, "Nilijua ni wewe."

"Mimi nini?"

"Uliyewatuma. Bisun aliniambia huruma yangu ni mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Bisun hana maneno hayo."

"Na ukakubali hivyo hivyo."

"Si alikuwa ameomba."

Sikuwa na aibu, wala sikujifanya ninayo. Nikaona huu ndio wakati wa kulitoa lile jingine, lililonikaa kila asubuhi dirishani.

"Basi na mimi nikuulize. Shamba langu uliliacha la mwisho, ukaliachia mvua. Ulishanicheka, ulishashinda. Nilikuwa nimekukosea nini tena?"

Aliacha kutafuna. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa habari za nchi nyingine.

"Hukuja," akasema.

"Kuja wapi?"

"Kuniomba. Wote walikuja, shemeji. Tangu wiki ya kwanza, kila jioni, baraza imejaa. Aliyekuja nilimsogeza mbele. Na kila nilipomsogeza mtu mbele, wewe ulirudi nyuma. Nikawa nasema, kesho Subhagi atakuja, nitampa keshokutwa. Nilikungoja. Hukuja hata siku moja."

"Ungekuja wewe kuniambia."

"Ningepita wapi? Ulikuwa unafunga dirisha ukiniona."

Ni kweli, nilikuwa nalifunga.

Nilisimama pale na sahani tupu mkononi. Mimi niliyejua kwamba mtu huyu hakatai, mimi niliyewatuma mtaa mzima wakamwombe, sikuwahi kufikiri hata mara moja kwamba mwaka uliopita wote walikuwa wameshaomba isipokuwa mimi. Nilimtazama kila siku, na hilo sikuliona. Hasira iliyonipanda ilikuwa kubwa kuliko ya siku walipocheka. Kinyongo kile nilikilea mwaka mzima, nilikila na chapati, na sasa mtu mwenye masizi usoni ananiambia nusu yake haikuwapo.

"Lile la ulimi ulilisema," nikamwambia.

"Nililisema. Na nimelirudisha."

"Umelirudisha."

Dharmen akajipangusa mikono kwenye suruali, akafungua matambara viganjani, akavitazama, akavifunga upya. Kisha akauliza kama mkataji anavyomuuliza sardari wake, "Kesho ni wapi?"

Zamu za kawaida zilikuwa zinaanza tena, na la kwanza lilikuwa shamba la Hardeo, lenye mteremko mbaya. Sardari haombi, anaamuru. Ramdhari alikuwa akiamuru, na mimi nikiamuru kwa jina lake.

"Kwa Hardeo," nikasema. "Uwe mbele ya mstari." Kisha neno jingine likanitoka kwa shida, kama jino bovu. "Tafadhali, shemeji."

Hakukataa. Hajui kukataa.